Hivi nyie wa kusimama nyuma ya kiti mna shida gani?

Jamani kuna watu huku Majengo watanitoa roho. Nimekaa zangu kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa nacheza Warcraft III, gemu la vita la 2002 lakini bado tamu hatari, nachimba dhahabu, nakata mbao, shujaa wangu anapanda levo taratibu, mara mtu kaniegemea begani, "ongeza jeshi bwana, ongeza!" Niongeze vipi? Hujui chakula cha jeshi kikivuka 50 dhahabu unayochimba inaanza kukatwa? Mwingine eti mpeleke shujaa peke yake akapige mijitu ya porini, akifa hela ya kumfufua unatoa wewe? Halafu kidole kwenye kioo, kina mafuta ya chipsi! Na nikipigwa wa kwanza kucheka ni huyohuyo. We kaka, si ulipie saa yako ucheze? Wachezaji wenzangu wa Dodoma, hawa watu mnawavumiliaje?