Kidevu Changu na Bunge la Ulaya

Taulo lilikuwepo. Yule jamaa wa Bremen anayewasambazia kwamba nilitokea mbele ya wakwe kama nilivyozaliwa ameongeza chumvi. Taulo lilikuwepo, la bluu, na lilikaa pale linapotakiwa kukaa. Leo tuongee ya kuanzia kitovuni kwenda juu.

Mnajua jana ilikuwa posa ya ndugu yetu. Mwenyewe alikuwa kazini, mshenga alikuwa Korogwe na barua yake, ila wazee wa binti waling'ang'ania wamwone kwa macho mtu anayeishi naye hapa Hamburg, awahakikishie hajaficha mke wa Kijerumani. Mtu huyo ndiye mimi. Kikao saa nane mchana za kwao, kwa video. Tangu Machi wanatutangulia saa moja tu, kwa hiyo kwangu ni saa saba. Na jana ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo huku saa zilizosogezwa mbele Machi hurudishwa nyuma saa moja, simu ikajirudisha yenyewe usiku. Nikaamka, nikaitazama, safi, saa iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa! Lakini Korogwe hawakurudisha chochote, sasa wanatutangulia saa mbili, na hilo simu haikuambii.

Basi saa sita na dakika arobaini nimetoka kuoga. Ndevu nimezipaka dawa ya kutia weusi (msinicheke, mvi zimeniwahi), ile ya kukaa dakika tano unaosha. Kichwani mfuko wa plastiki. Nikasema ngoja nijaribu mtandao mapema, nisije nikaaibika.

Nikafungua. Kikaja kioo kimejaa watu: kanzu, kofia, vitenge, watoto wamekaa mkekani. Kimya, hakuna anayetikisika. Nikajua mtandao umeganda, labda ni picha waliyoiweka. Nikasogea. Nikasogea tena. Nikaipanua midomo nikakagua meno, kushoto, kulia, nikachokonoa jino la nyuma kwa ukucha. Taratibu, jamani, sina haraka, nina dakika ishirini! Nikageuza shingo nione dawa imefika chini ya kidevu. Halafu nikaanza kuimba.

Mtoto wa mkekani akacheka. Mzee wa katikati akamgeukia mshenga: "Ndiye huyu?"

Mshenga wetu, Mungu amlipe, akasema, "Hapana mzee, huyu sijui nani."

"Shikamooni," nikasema. Ningesema nini kingine?

"Marahaba. Tupo hapa tangu saa nane, kijana."

Kuondoka ni utovu wa adabu, kubaki dawa inaunguza. Nikabaki. Nikaeleza kwamba huku usiku, saa ikifika tisa, inarudishwa nane.

"Nani anairudisha?"

"Serikali, mzee."

"Na alfajiri nayo inarudi?"

"Alfajiri inabaki palepale."

Wakatazamana. Nikaona nijitetee kisomi: kwamba wenyewe Wazungu hawaitaki hii desturi ya kubadili saa, kwamba 2018 Umoja wa Ulaya uliwauliza watu, wakajibu milioni 4.6, Wajerumani wakiwa wengi kupindukia, na asilimia 84 wakasema ifutwe. Mimi mwenyewe nilijaza.

"Ukasema nini?"

"Ifutwe."

"Hawakukusikia."

"Walisikia, mzee! Bunge lao likapiga kura Machi 2019, kura 410 kwa 192, ikome mwaka 2021."

Mzee akavua miwani. "Kwani sasa ni mwaka gani?"

Dawa ilikuwa imeshafika kwenye mfupa. Nikaeleza kwamba mawaziri wa nchi zote hawajaelewana, maana kuifuta lazima kwanza uchague ubaki na saa za kiangazi au za baridi, na hapo kila nchi ina lake. Shangazi wa binti akadakia: "Yaani watu wamekubali, bunge limekubali, na jambo halifanyiki. Sasa huyu kijana wenu anayeishi na watu hao, akituambia ataoa, ndiyo tusubiri miaka mingapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mshenga, ambaye hanijui.

Mengine mnayajua. Posa imepokelewa, faini mbili, moja ya kuwaweka wazee na nyingine ya kifua, bwana harusi amelipa kwa simu na ananidai. Kidevu kimekuwa cheusi kama sufuria la kuni na ndimu haikitoi. Picha inayozunguka aliipiga shangazi, nimemwomba aifute, amesema mawaziri bado hawajaelewana.

Harusi ni Machi. Mzee ameagiza mimi nifike Korogwe wiki nzima kabla, na nivae shati tangu uwanja wa ndege.