Tuliokataa makaa ya mawe tuna deni

Mwezi uliopita mpwa wangu alianguka kutoka kwenye paa la mabati hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, au Amu kama tunavyouita, akifunga sola. Mkono ulivunjika mahali pawili. Aliyemchukua kazini alimlipa ujira wa siku ile, akaongeza nauli ya bodaboda, basi. Nilipomuuliza kijana kama amedai chochote, alinitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Mjomba, mimi nilikuwa kibarua tu."

Neno hilo "tu" halijanitoka moyoni.

Linaniuma kwa sababu mimi ni mmoja wa waliosimama barazani miaka ile kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa hapa Lamu. Megawati 1,050, na makaa yenyewe yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini! Tuliogopea mikoko, samaki na vifua vya watoto wetu. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulilia kwa furaha siku ile, na sijuti hata kidogo.

Lakini wapo vijana waliotuambia usoni: wazee, mnatunyima kazi. Tukawajibu kwamba jua na upepo vina kazi pia, tena kazi safi. Ahadi hiyo tuliitoa sisi wenyewe, hatukulazimishwa na mtu. Sasa kazi za jua zimefika, na kijana wetu anatibiwa kwa pesa za mama yake, mchuuzi wa mahamri.

Mimi naamini mwendo wa polepole. Wanaotaka Kenya ibadilike kwa mradi mmoja mkubwa wakumbuke Olkaria, kule Bonde la Ufa, umeme unakotolewa kwenye mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza kule ulianza 1981 ukiwa na megawati 15, kiasi ambacho leo mtu angekicheka. Wakaongeza kisima baada ya kisima, na sasa mvuke wa ardhini ndio unaotupa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Kwa hiyo sitadharau friji moja ya sola penye bandari ndogo ya wavuvi. Anayejua samaki wa Kizingitini, kisiwani Pate, wanavyoharibika wakikosa barafu hawezi kuidharau. Tangu joto la bahari la 1998 lilipoua matumbawe mengi ya pwani hii, mvuvi amekuwa akienda mbali zaidi kutafuta riziki, na petroli inamla faida kabla hajarudi. Kila kinachompunguzia gharama ni hatua, hata kiwe kidogo vipi.

Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba haki ya mfanyakazi itakuja baadaye, biashara ikishakua. Haiji hivyo. Ukibarua ukishakuwa mazoea, anayekuja nyuma anaukuta kama desturi ya kazi, na anayeulizia bima anaonekana mkorofi.

Na sheria tunayo. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mpwa wangu alikuwa na mwajiri huyohuyo tangu kaskazi ilipoanza, analipwa jioni kwa jioni. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima. Nani hapa Amu amewahi kuiona karatasi hiyo?

Nasikia hoja kwamba mkandarasi akibebeshwa gharama hizi, sola itapanda bei na kazi zitapotea. Nimeifikiria sana. Hata hivyo gharama haikukosekana kwenye paa lile. Ilihamishwa tu, ikaenda kwa dada yangu, aliyekopa dukani ili kijana afungwe plasta. Umeme unaoitwa rahisi kwa njia hiyo una mtu mwingine anayeulipia.

Mimi pia nina kosa. Mwaka jana nilifungiwa paneli nyumbani kwangu, nikabishana bei hadi ikashuka, nikafurahi. Sikuuliza wale vijana wawili waliopanda juu wana bima au hawana. Kama sisi wenye nyumba, wenye hoteli za Shela na maofisa wa kaunti tungeuliza swali hilo kabla ya kulipa fungu la mwisho, mkandarasi angelitafutia jibu. Huo nao ni mwendo wa polepole, na hauhitaji kusubiri bajeti ya mtu.

Plasta inatolewa wiki ijayo. Kijana ameshaitwa kazini tena, safari hii Mokowe, na anataka kwenda. Nilimwendea yule mkandarasi nikamwambia tunataka makubaliano ya maandishi na bima kabla kijana hajapanda paa lolote. Hakukataa, alisema atafikiri. Jumamosi baada ya alasiri nakwenda tena, na baba za vijana wengine wawili wamesema watafuatana nami.