Mkeka ukitoka bila jina lako

Mwaka 2020 baba yangu mdogo alianguka kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea. Alikuwa amekaa udiwani miaka kumi, kata moja ya nje kidogo ya mji wa Dodoma, kule kwenye mashamba ya zabibu. Asubuhi ya siku ile simu yake haikupumzika. Jioni ikakaa mezani, kimya. Mama mdogo ndiye aliyenisimulia, akasema kura hazikumuumiza mumewe kama ule ukimya ulivyomuumiza. Watu waliokuwa wakimwita Mheshimiwa tangu getini sasa walimpungia mkono kwa mbali na kuendelea na safari zao.

Mimi nilikuwa huku Sheffield, Uingereza, kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi. Nililia naye kwa simu. Lakini kuna jambo nililolifanya wiki chache kabla ya hapo, nitalisema mbele kidogo, kwa sababu bila hilo maneno yangu yote kuhusu kumtegemea Mungu hayana uzito.

Aliyekulia Dodoma anajua mji wetu unavyopumua kwa vyeo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Mtumba ikajaa majengo ya wizara, hata muuza mishikaki anajua nani kapanda na nani kashuka. Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa, ukitoka usiku, asubuhi mji mzima umeshausoma. "Uteuzi wake umetenguliwa." "Atapangiwa kazi nyingine." Sentensi fupi kabisa, na nyuma yake kuna familia inayofungasha vyombo, watoto wa kuhamishwa shule, na ndugu thelathini waliokuwa wakila kwa mshahara mmoja. Kwetu cheo hakikai na mtu mmoja, ukoo mzima unakikalia. Ndiyo maana kikitikiswa, hofu yake ni kubwa kuliko mtu mwenyewe.

Huku niliko mambo yana sura nyingine. Tarehe 5 Julai 2024, siku moja baada ya uchaguzi, nilikaa mbele ya televisheni pamoja na wazee wetu tukimtazama Waziri Mkuu Rishi Sunak akitoka na kuaga, na kabla jua halijageuka mrithi wake, Keir Starmer, akaingia mlango ule ule. Mama mmoja wa miaka tisini aliomba chai yake kama siku zote. Watanzania wenzangu wakiona vile husema Wazungu hawang'ang'anii madaraka. Sikubaliani nao. Wanang'ang'ania, na wanaogopa sana, ila wanaogopa kila mtu chumbani kwake. Kinachowashika ni mkataba, sheria, chama cha wafanyakazi, bima. Nyumbani kinachotushika ni watu: nani unamjua, nani atakusemea huko juu. Ukiangalia vizuri, huku na kule Mungu anapigiwa simu ya mwisho.

Nayasema haya kwa kuwa na mimi nilionja. Mwaka 2023 nilikuwa msimamizi wa zamu, nina watu kumi na wawili chini yangu. Mwajiri akaamua kufunga upande mmoja wa jengo na kupunguza watu. Barua ikaja, vikao vya mashauriano vikafuata, kila kitu kwa utaratibu na kwa sauti ya upole. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimefungwa kwenye ajira ile. Kazi ikiisha, mtu wa kibali kama changu kwa kawaida hubakiwa na siku 60 apate mwajiri mwingine wa kumdhamini au aondoke nchini. Watoto wawili, kodi ya nyumba, na mama yangu Dodoma anayesubiri dawa za presha kila mwezi. Hakuna jirani aliyegundua. Hapo nilitamani hata ule umbea wa nyumbani, maana umbea nao ni namna ya watu kujua kwamba upo.

Usiku niliomba. Nikiri niliomba vibaya. Niliomba kama tulivyozoea kwenye mikesha mingi ya kwetu: wanaoniwinda waaibike, mipango yao ivunjike, kiti changu kisikaliwe na mwingine. Niliomba hivyo wiki mbili, na kila nilipomaliza hofu ilikuwa pale pale, imeshiba zaidi.

Kilichonigeuza ni Daudi, katika 2 Samweli sura ya 15. Absalomu, mtoto wa kumzaa mwenyewe, amemgeuzia watu, na mfalme anaukimbia mji. Kuhani Sadoki anamfuata na sanduku la agano. Mtu yeyote wa madaraka angesema lileteni, Mungu akiwa upande wangu nani atanipinga? Daudi anamwambia alirudishe mjini. Nikipata kibali kwa Bwana, anasema, atanirudisha nilione tena. Na asiponitaka, mimi hapa, anitendee aonavyo vyema. Kisha anapanda Mlima wa Mizeituni analia, kichwa amekifunika, miguu mitupu.

Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Daudi hakumfanya Mungu mlinzi wa kiti chake. Na hakukaa tu akisubiri muujiza, kwa sababu siku ile ile alimtuma rafiki yake Hushai arudi mjini akalivuruge shauri la Ahithofeli, mshauri wake aliyehamia kwa Absalomu. Alilia, akapanga, akatembea, na matokeo akayaacha mahali pake. Njiani mtu mmoja, Shimei, alimtupia mawe na matusi, askari wake Abishai akataka kumkata kichwa, Daudi akakataa. Mtu asiyejua kama kesho bado ni mfalme anakataa kutumia upanga ambao bado yuko nao. Mimi hapo ndipo ninapoiona imani yenyewe.

Sauli aliyemtangulia alipita njia nyingine. Aliposikia wimbo unaompa Daudi makumi elfu na yeye elfu tu, mkuki ukaanza kuruka ndani ya nyumba. Akaishia usiku, amebadilisha nguo, kwa mganga wa Endori.

Na sasa lile jambo langu. Kabla ya kura za maoni za 2020 baba mdogo alinipigia akaomba pesa "ya maandalizi." Hakutaja maandalizi gani, nami sikuuliza, kwa sababu nilijua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa kuna mzee fulani upande wa pili wa mkoa. Nilituma paundi 200 mchana ule, nikaenda kanisani Jumapili. Baba mdogo, mzee wa kanisa, alikwenda Endori kwa nauli yangu.

Nikikumbuka hilo, huwa nafikiri pia habari za Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, akajiuzulu ingawa mkono wake haukuwemo. Baadaye akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na wa Muungano mwaka 1985. Sisemi alirudishiwa kwa sababu aliachia, wala sipendi mahubiri ya namna hiyo. Siku anaandika barua ile hakujua kuna 1985. Kwa hiyo tusiseme kuachia cheo ni tabia ya Wazungu. Imefanyika kwetu, na aliyeifanya alikuwa Mwislamu wa swala tano.

Cheo changu nilikipoteza. Kazi niliyopata siku ya arobaini na tisa ni ya chini, nawaogesha wazee na kubadilisha mashuka, na nalala.

Mwezi uliopita nilimpigia baba mdogo. Siku hizi anapogoa zabibu zake na kufuga mbuzi. Baada ya shikamoo nilimwambia, "Baba mdogo, ile pesa ya 2020 nilijua ni ya nini. Unisamehe." Nikasikia upepo wa Dodoma ukipiga kwenye simu, kwa muda mrefu.

"Nilijua kuwa unajua, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nilikuomba wewe."

Nikamwomba tuombe pamoja. Akaniambia nisubiri kwanza afunge mbuzi, halafu akarudi kwenye simu, akaanza yeye.