Akiba ya Saruji au Ahadi ya Wiki: Kupanga Ujenzi Lamu

Anayejenga katika kisiwa cha Lamu hurundika. Msingi haujachimbwa, lakini chumba cha chini kimejaa saruji, nondo zimelazwa uani na kokoto imekula nusu ya kichochoro. Wanaohimiza ujenzi usio na upotevu huiita hali hiyo hasara tupu: pesa imelala, mali inaharibika, njia imeziba. Wajenzi nao hujibu kwamba bahari haifuati ratiba ya mtu, na anayengoja boti ndipo aanze kazi atalipa vibarua kukaa kivulini. Kila upande una haki yake. Tatizo ni kwamba akiba inatumiwa kufunika maradhi mawili tofauti, na moja tu kati ya hayo hutoka baharini; la pili ni mpango mbovu wa kazi.

Fikra za kupunguza upotevu zilikomaa katika viwanda vya Toyota huko Japani, chini ya watu kama Taiichi Ohno. Mwaka 1992 Lauri Koskela aliandika namna zinavyoweza kuhamishiwa katika ujenzi, na mwaka 1997 Glenn Ballard na Greg Howell wakaanzisha taasisi ya kuziendeleza Marekani. Ballard ndiye aliyetunga utaratibu wa Mpangaji wa Mwisho, yaani yule anayewagawia mafundi kazi ya kesho: fomeni au fundi mkuu. Alipopima miradi aligundua kwamba kwa kawaida ni karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki zilizokamilika ndani ya wiki hiyo. Na hiyo ni miradi iliyofikiwa na malori hadi mlangoni.

Utaratibu wenyewe hutenganisha kazi inayopaswa kufanywa, inayoweza kufanywa na itakayofanywa. Ratiba kubwa inataja ya kwanza. Kisha wahusika hutazama wiki sita mbele na kuuliza juu ya kila kazi: mchoro upo? Vifaa vipo? Watu na zana? Kazi iliyotangulia imekwisha? Kibali kimetoka? Kwa nyumba ya mji wa kale, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, swali hilo la mwisho peke yake linaweza kusimamisha kila kitu. Kazi iliyoondolewa vikwazo vyote ndiyo inayoahidiwa kwa wiki inayofuata. Wiki ikiisha, zilizokamilika zinagawanywa kwa zilizoahidiwa: sita kati ya kumi ni asilimia 60. Kazi iliyofika robo tatu huhesabiwa sifuri, kwa sababu fundi anayefuata hawezi kuanza juu ya robo tatu.

Chukua slabu, yaani bamba la zege la dari, ya chumba cha mita 4 kwa 5, unene wa sentimita 15. Ni zege ya mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, itakula karibu mifuko 19 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.3 na kokoto 2.6. Vyote hivyo vinaweza kuwa ghalani tangu mwezi uliopita na slabu isimwagwe. Fundi wa stima hajalaza mabomba yake, mwenye nyumba hajaamua choo kinakaa wapi, au mbao za kufungia bado zimeshikilia slabu ya chumba cha pili. Wakimwaga hivyohivyo, baadaye watatoboa zege changa ili kupitisha bomba, na anayetoboa huenda akakata nondo. Akiba ya mifuko 100 haikuzuia lolote kati ya hayo. Nondo nazo huuzwa kwa urefu wa mita 12: ukikata vipande vya mita 3.2 unapata vitatu na kipande cha mita 2.4 kinabaki. Orodha ya ukataji ikiandaliwa kabla ya kununua, kipande hicho kinapangiwa mahali pake. Bila orodha, ni moja ya tano ya nondo iliyotupwa.

Hata hivyo, hoja ya wajenzi haipuuziki. Mzigo huvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa boti, kisha hubebwa na punda au mkokoteni kutoka gatini. Siku za bamvua maji hupwa sana na boti iliyojaa hulazimika kungoja yajae. Kusi likikaza bahari huchafuka. Kumwambia mtu wa hapa alete vifaa siku ileile ya kuvitumia ni kumtakia hasara. Malindi, ambako lori hufika kwa barabara, hoja hii haina nguvu hiyo, na marundo yanayoonekana huko mara nyingi yana sababu nyingine.

Swali zito ni akiba ya nini, na kiasi gani. Kokoto haiozi. Nondo zinahitaji kuinuliwa kutoka mchangani na kufunikwa, maana chumvi huzila. Saruji ndiyo ya kuogopewa: katika hewa yenye unyevu inaweza kupoteza kama asilimia 20 ya nguvu yake kwa miezi mitatu, hata ikiwa mfuko haujafunguliwa. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta kama sentimita 30, isizidi mifuko 10 kwa kimo, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Kiasi kikadiriwe kwa mchelewo mrefu unaotarajiwa msimu huo: plasta ikila mifuko 8 kwa siku na boti ikiweza kukawia siku 4, akiba ni mifuko 32. Zaidi ya hapo ni woga tu.

Ahadi ya wiki nayo ina pingamizi zake. Kibarua hulipwa kwa siku, hivyo kazi ikiwahi kwisha anapoteza ujira. Mwenye nyumba hutuma pesa kidogokidogo. Zito kuliko yote, fundi huona vigumu kumwambia mwenye mali "hiyo haitawezekana". Bila ruhusa ya kukataa, asilimia inayoandikwa kila wiki ni mapambo. Wapo pia watakaoahidi kazi chache ili wapate 100, kwa hiyo zihesabiwe na kazi zilizokuwa tayari ambazo hakuna aliyeziahidi.

Pamoja na hayo, naona utaratibu huu unafaa zaidi kisiwani kuliko bara, kwa sharti la kuurekebisha. Kikao cha kuahidi kazi za wiki kiwe cha nusu saa, Alhamisi jioni, papo hapo kwenye jengo. Wakae mwashi, seremala, fundi bomba, fundi stima, na nahodha wa boti ya mizigo. Yeye anajua siku za bamvua kuliko yeyote aliyeshika mchoro, lakini kwa kawaida hupigiwa simu baada ya saruji kwisha. Plasta ya chokaa ya nyumba za kale ipewe siku zake za kukauka polepole ndani ya mpango, kwani ikiharakishwa hupasuka na kurudiwa.

Kila ahadi iliyovunjika iandikiwe sababu moja, bila kumtafuta mkosaji. Baada ya miezi miwili orodha hiyo itaonyesha ni mara ngapi boti ilikwama na ni mara ngapi kazi ilingoja uamuzi au malipo. Boti ikiongoza, akiba iongezwe. Uamuzi wa mwenye nyumba ukiongoza, pesa ya kununua mifuko mingine 50 ilipe siku moja ya mchoraji kukaa naye na kumaliza michoro.