Kifaransa cha Kidato cha Pili: Kukiacha au Kubaki Nacho

Kila Januari, matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili yanapotangazwa, nyumba zenye mtoto anayesoma Kifaransa huingia katika mjadala uleule: aendelee nacho mpaka kidato cha nne, au akiache sasa na kubaki na masomo ya mchepuo wake. Safari hii mjadala umemfikia mpwa wangu, ambaye amepata D na anaapa kwamba hataki tena kuliona daftari lake. Nimemsikiliza yeye, nimewasikiliza na wazazi wake, na maoni yangu ni kwamba hoja wanayoitanguliza wote, ya kwamba somo hilo litamharibia divisheni, ndiyo dhaifu kuliko zote.

Tuanze na hesabu yenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga daraja la ufaulu la kidato cha nne kwa kuchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa na pointi 1, B pointi 2, na kuendelea hivyo hadi F yenye pointi 5. Mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza. Kwa hiyo mtoto mwenye masomo tisa, ambaye katika saba kati ya hayo amepata B, ana pointi 14 na divisheni wani yake mkononi, hata kama Kifaransa chake ni F. F hiyo itaonekana kwenye matokeo, na huenda jirani mmoja akaicheka, lakini haimwongezei pointi hata moja. Kinyume chake, aliyepata D ya Fizikia na C ya Kifaransa anaweza kujikuta Kifaransa ndicho kilichoingia kwenye zile saba.

Hofu hiyo inatoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa inatoka shuleni. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini wastani wa kila somo bado hujadiliwa katika vikao vya walimu, na somo lenye wanafunzi wachache hushushwa haraka na wawili watatu waliofeli. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi wa D aachane na somo anaweza kuwa anamtakia mema. Anaweza pia kuwa analinda wastani wake. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni lipi kati ya hayo mawili.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, ni wa kweli, na ndiyo maana niliomba nilione daftari la imla. Mwalimu amesoma «ils parlent». Binti ameandika «il parl», amefuata sikio lake kama Kiswahili kilivyomzoesha tangu darasa la kwanza, akakatwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu herufi zile za mwisho huandikwa bila kutamkwa. Mstari wa chini yake ameandika «boku», mahali palipotakiwa neno la herufi nane, «beaucoup». Lakini kwenye ukurasa wa sarufi, ambako kivumishi kinatakiwa kukubaliana na nomino katika jinsia na idadi, alikuwa amepata karibu maswali yote, wala sikushangaa: aliyekulia kwenye ngeli hawezi kutishwa na upatanisho wa jinsia mbili. Daftari hilo linanionyesha mtoto aliyesikia Kifaransa kuliko alivyokisoma, na dawa ya hilo ni kusoma kurasa nyingi, hata za hadithi nyepesi, mpaka jicho lizoee umbo la maneno.

Ningesema mengine kabisa kama shule yake isingekuwa na mwalimu. Ziko shule ambako mwalimu wa Kifaransa alihama, kipindi kikabaki kwenye ratiba kwa jina tu, na wanafunzi wananakili daftari za waliowatangulia. Hapo mtoto aache leo, na asiombwe maelezo.

Sababu nyingine ninayoiheshimu ni muda. Anayechukua Fizikia, Kemia na Baiolojia ana mazoezi ya maabara na ya Hisabati yanayokula jioni zake zote, na kama Hisabati yenyewe inayumba, sioni aibu kuchagua. Sitamshawishi kwa ahadi za ajira pia, kwa sababu zimekuwa zikitiwa chumvi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mfanyabiashara wa Lubumbashi, kule Kongo, anayepitishia mzigo wake bandari ya Dar es Salaam atazungumza naye kwa Kiswahili bila shida, ila nyaraka za serikali ya kwao zimeandikwa kwa Kifaransa, na anayeweza kuzisoma hatakosa wa kumuuliza.

Mpwa wangu ana mwalimu, na hajachagua sayansi. Nimemshauri aingie nacho kidato cha tatu, amwombe mwalimu imla fupi kila wiki nje ya kipindi, kisha atazame alama zake mwishoni mwa mwaka. Usajili wa mtihani wa taifa hufanyika mwanzoni mwa kidato cha nne, na mpaka siku hiyo bado anaweza kuliondoa somo hilo kwenye orodha yake akiona halisogei. Amekubali, kwa sharti kwamba vitabu vya hadithi ninunue mimi.