Nyumba zilizowekwa rehani Goma: muda kwa mdaiwa, au mnada?

Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, wafanyabiashara wa mitaa ya Birere na Virunga wamekuwa wakiulizana swali moja: mtu aliyeweka nyumba yake rehani, akashindwa kulipa kwa sababu ambazo hakuzisababisha, aachiwe nyumba hiyo, au mdai achukue haki yake?

Jirani yangu wa Katoyi, muuza viatu vya mitumba, alikuwa amekopa dola 4,000 kwa dhamana ya parsela yake, yaani kiwanja chenye nyumba yake. Dirisha la kulipia lilipofungwa, alianza kutia malipo ya kila mwezi ndani ya bahasha na kuandika jina la mwezi juu yake. Ya Februari ilikuwa kamili. Ya Machi ilikuwa na noti mbili zenye mpasuko mdogo pembeni, za aina ambayo hapa Goma kila mtu huzikataa. Ya Mei ilikuwa tupu, kwa kuwa fedha zake zilikwisha kwa chakula cha watoto. Huyu si mkaidi wa deni.

Sheria haikumwacha bila kinga. Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya pamoja ya jumuiya hiyo kuhusu ukusanyaji wa madeni inamruhusu jaji, akipima hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kuahirisha malipo au kuyagawa kwa kipindi kisichozidi mwaka 1. Ile ya dhamana, ya 2010, inamzuia mdai kumwomba jaji amkabidhi nyumba ambayo ndiyo makazi makuu ya aliyeiweka rehani. Hana budi kupitia mnada, ili salio, likiwapo, limrudie mwenyewe. Lakini mnada unataka wanunuzi, na katika mji ambao akiba za watu zimefungiwa benki, nyumba iliyojengwa kwa miaka kumi itachukuliwa kwa bei ya kutupa na wachache wenye fedha mkononi, deni lisilipike lote na mdai naye apate hasara. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutoa muda.

Hata hivyo, wanaopinga hawasemi kwa ukatili. Fedha zinazokopeshwa na kooperative za akiba ni za mama muuza makaa na muuza samaki wadogo wa sambaza waliokuwa wakiweka dola 5 kila wiki. Kila mdaiwa anapoongezewa muda, ni wao wanaosubirishwa, nao pia wana kodi na karo. Tena, ikijulikana kwamba rehani haitekelezwi, wakopeshaji watapandisha riba au wataacha kabisa kupokea nyumba kama dhamana.

Marekani ilipitia mvutano huo mwaka 2009, serikali ya Obama ilipoanzisha mpango wa HAMP ili kushusha rejesho la mwezi hadi 31% ya kipato cha mkopaji. Ulilenga familia milioni 3 hadi 4. Haukufikia idadi hiyo, na wengi walikwama katika karatasi walizodaiwa na makampuni yaliyosimamia mikopo. Na huko kulikuwa na hazina ya serikali nyuma yake. Sisi hatuna, kwa hiyo tunachoweza kugawana ni muda tu.

Naegemea upande wa muda, kwa masharti: mtaji ulipwe wote, riba ya miezi ambayo dirisha lilifungwa isihesabiwe, na mwenye nyumba tatu za kupangisha asijifiche nyuma ya jirani yangu.

Linaloniumiza zaidi ni lile lisilofika mahakamani. Mkopeshaji wa mtaani haandikishi rehani. Humtaka mkopaji asaini mapema hati ya mauzo ya parsela, tarehe ikiachwa wazi, na kumwachia karatasi zote. Malipo yakichelewa, tarehe hujazwa, na mbele ya chefu wa mtaa wanaoonekana ni muuzaji na mnunuzi. Ule mwaka 1 wa jaji haumfikii mkopaji huyu, kwa kuwa karatasini hana deni lolote. Mawakili wetu wakitaka kusaidia, waanzie hapo: ujumbe wa simu, stakabadhi za riba, mashahidi waliokuwapo fedha zikihesabiwa, vyote vikusanywe kabla tarehe haijajazwa.