Mbolea ya Mabibo

Mimi pombe sinywi. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani Chikongola mpaka leo naitwa Baba Uraka (uraka ni pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho), na mke wangu akiitwa Mama Uraka anaitika.

Chanzo ni mchicha. Nilitaka bustani ya uani isiyotiwa dawa wala mbolea ya dukani: matuta mawili tu, mchicha na bamia. Sasa mchanga wetu huu wa Mtwara, ukimwagilia asubuhi, adhuhuri hujui ulimwagilia wapi. Bila mboji au samadi unapanda huzuni. Samadi ya mbuzi ilikuwepo, tena ya bure, lakini mimi nikajiona mjanja. Msimu wa korosho umefika, mabibo yanajiozea chini ya mikorosho ya shemeji kule Nanguruwe. Nikajaza viroba vinne, nikapakia bodaboda. Kijana wa bodaboda akavitazama, akanitazama, akatabasamu. Hakuuliza kitu. Pale ndipo ningeshtuka.

Nikayaponda, nikayatia kwenye pipa, nikaongeza maji, mdomo nikaufunga kwa kiroba na mpira wa baiskeli. Majani makavu sikutia hata moja. (Mboji inataka vikavu kwa wingi, inataka hewa, na inataka kupinduliwa. Nilikuja kuyajua hayo nikiwa nimeshapata jina.) Siku ya tatu, kwa jua lile la Novemba, pipa likaanza kusema. Pwu. Pwu.

"Sikia," nikamwambia mke wangu, "vijidudu vinafanya kazi."

Akanusa. "Baba, vijidudu hivi nawajua. Ndio waliomfilisi mjomba."

Sikujua kwamba pipa lina ufa. Kesho yake alfajiri bibi jirani akabisha hodi, bata kwapani, shingo inaning'inia kama kamba ya ndoo.

"Mjukuu wangu, umewapa nini bata wangu?"

Nyuma yake watatu wengine wanakuja upande upande kama kaa. Wa nne alikuwa barabarani anamtunishia kifua mbwa wa watu.

Saa mbili mwenyekiti wa mtaa akafika na wazee wawili.

"Kijana, unapika gongo?"

"Mbolea, mwenyekiti."

"Mbolea."

"Ya maji."

Mzee mmoja, aliyejitambulisha kuwa shahidi, akafungua kiroba, akachota kwa kikombe changu cha chai, akaonja, akafumba macho. Tukamsubiri kama tunasubiri matokeo ya darasa la saba.

"Mwenyekiti," akasema, "huyu hana kosa. Hakukamua, kaponda na uchafu wote. Pombe hajui kabisa. Hii ni mbolea." Akachota tena. "Lakini tuhakikishe."

Walihakikisha mpaka saa tano.

Mimi, kusafisha jina, nikajaza ndoo nikamwagia tuta zima la mchicha mbele yao. Sikuzimua hata kwa kopo moja la maji. Miche ina majani manne manne, mimi naimiminia kitu kikali kilichomwangusha bata mzima.

Asubuhi mchicha wote umelala chali, majani yamenyauka. Nimechuchumaa pale nimeshika tama, bibi jirani akachungulia juu ya ua wa makuti. Akautazama kwa muda.

"Uache tu ulale, mjukuu wangu," akasema. "Bata wangu waliamka saa kumi."